Walikuwa wanaosha nyavu

Sisi tunaouza dagaa Kibirizi, Kigoma, hatushangai kukosa. Kila mwezi mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hulala ufukweni, maana dagaa hufuata taa, na ziwa zima likishang'aa taa ya mvuvi haina kazi tena. Siku hizo tunazijua na tunaziwekea akiba. Mwaka 2024 ilikuwa habari nyingine. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana.

Tangazo nilikuwa nimelisikia, nikajiona mjanja. Aprili nikakopa laki nane kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua mzigo mkubwa niuanike, niufungie ndani, niuze bei ikipanda. Mvua ikaukuta mchangani. Dagaa wakilowa wakiwa nusu wakavu wanavunda, na harufu hiyo huwezi kuificha. Niliambulia kuwauzia wafuga kuku.

Sijui kama umewahi kusali ukiwa na hasira. Wiki mbili nilisali sala za adabu tu, kama mtoto anayeamkia wageni. "Asante Mungu kwa yote." Uongo! Sikuwa nashukuru chochote. Usiku mmoja nikafungua Zaburi ya 13, nikakuta Daudi anamuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Nikaona kumbe inaruhusiwa. Nikamwambia Mungu kila kitu, pamoja na ile mvua, nikalia mpaka nikalala. Kwa hiyo ukiniuliza mimi pa kuanzia, nitakwambia acha kumpamba Mungu kwa maneno ambayo moyo wako hauna. Anakujua.

Jumuiya yetu ya kanisani nilikuwa nimeikwepa. Nikikutana na mtu njiani, "Tumsifu Yesu Kristo," najibu "Milele, amina" na kuongeza mwendo. Mama mmoja mtu mzima akanifuata nyumbani. Sikusikia mstari wowote wa Biblia kutoka kwake. Aliuliza, "Mwanangu, umekula?" Sikuwa nimekula. Akaingia jikoni mwangu bila kuomba ruhusa, akasonga ugali, akaunga maharage kwa mawese, akakaa mpaka nikamaliza sahani. Baadaye nilimkumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, anajiombea kufa. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akamlisha tena. Wewe unayemfariji mwenzako, anza na jiko.

Na hapa niseme kidogo. Kuna mhubiri aliniambia nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka, ya elfu hamsini ili deni lifutike. Mtu mwenye deni la watu, elfu hamsini yake ya kwanza ni ya wanaomdai.

Nilikwenda kikundini siku ya hisa, nikasimama, nikasema sina. Magoti yalitetemeka kuliko siku ya kipaimara. Mmoja alinisonya, sitaficha. Wengine wakakubali nilipe kidogo kidogo, kwa hiyo nikaanza kukaanga vitumbua asubuhi pale Mwanga. Faida yenyewe ya kuhesabu vidoleni, lakini kila wiki nilifika na kitu mkononi.

Katika miezi hiyo ndipo nilipoisoma upya Luka sura ya 5. Tumezoea kukimbilia pale nyavu zinapojaa mpaka zinataka kukatika. Mimi nilikwama mwanzoni kabisa. Yesu anawakuta wavuvi wametoka chomboni, wanaosha nyavu. Usiku kucha hawakupata hata samaki mmoja! Sisi watu wa ziwa tunajua maana yake: umechoka, una njaa, mfukoni hakuna kitu, na bado unaondoa uchafu wavuni kwa sababu jioni utarudi majini. Hawakujua kuna nini mbele. Hakuna aliyekuwa amewaahidi muujiza. Petro angeutupa wavu ule ukiwa mchafu akaenda kulala, sijui angeshusha nini alipoambiwa ashushe.

Vitumbua vyangu vilikuwa kuosha nyavu. Kwenda jumuiya nikiwa sina la kutoa, vilevile. Kuna asubuhi nilivifanya bila kuhisi imani yoyote, nikavifanya tu.

Agosti ziwa lilipofunguliwa nilishuka Kibirizi kabla hakujapambazuka. Taa zilikuwa zimetapakaa majini kama zamani. Mtaji wangu ulitosha beseni moja tu la dagaa. Nikaangalia mawingu kwanza, ndipo nikawaanika, na safari hii turubai nilikuwa nimelikalia.