Kukagua mbu wa dengi na chikungunya Langoni

Dada, umeuliza mtajuaje mbu wa dengi na chikungunya wamezidi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kabla watu hawajaugua, kama Lamu ilivyougua chikungunya 2004. Anzeni na maji. Kagueni nyumba zilezile kila wiki, maana yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10: birika (hodhi la maji) la msalani, mitungi, madumu yaliyokatwa. Mkimulika tochi viluwiluwi huzama; subirini waibuke. Nyumba zenye viluwiluwi gawanyeni kwa zilizokaguliwa, zidisheni kwa 100: hiyo ndiyo asilimia ya nyumba zenye viluwiluwi, na ikipanda, mbu wanazidi. Kumwaga maji hakutoshi kabisa: mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, yakastahimili ukavu miezi kadhaa. Sugueni kwa brashi. Mwenye homa na maumivu ya viungo, malaria haikuonekana? Akapimwe damu mapema, asimeze aspirini wala ibuprofeni.