Dada wa Mwenge, gesi usifunge kwanza

Juzi usiku nikiwa kwenye foleni ya gesi, gari la 22 kutoka mbele, ukaingia ujumbe wa msomaji: "Kaka, nina Toyota IST, naishi Mwenge, kazi yangu Posta. Nifunge mfumo wa gesi kwenye gari au niendelee na petroli?" Nilicheka peke yangu mpaka mwenye bajaji wa pembeni akageuka.

Nami nilianza hivyo hivyo, mwaka 2023, petroli Dar ilipopita shilingi 3,200 kwa lita. Ni dereva wa mtandaoni, kwa siku natembea kilomita 120, lita kumi hizo. Kilo ya gesi ilikuwa 1,550, na nane zilinitosha. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto: naokoa 19,600 kila siku. Kufunga mfumo milioni 1.9. Siku 97, deni la vikoba limekwisha! Mama watoto aliuliza kitu kimoja tu, "Na kujaza unajazia wapi?" Nikamwambia asiniletee mkosi.

Deni lilikwisha mwezi wa nane tangu nifunge.

Kilichonila ni muda. Vituo vilikuwa vya kuhesabu, unapanga foleni kwa muda wa saa tatu, siku nyingine nne, tena asubuhi ile ile abiria wa maofisini wanapoita magari. Nikahamia saa nane usiku, nalalia usukani. Gesi yenyewe yetu, ya Songo Songo, bomba limefika Dar tangu 2004, na bado tunaikeshea kama msiba. Halafu mtungi umemeza buti. Abiria mmoja wa Airport mwenye mabegi matatu alifungua, akatazama, akafunga, akakansel. Hata pole hakusema. Inaniuma mpaka leo.

Na fundi je? DIT, chuo cha teknolojia cha Dar, wanafunga, nilijua, ila nikaenda kwa wa mtaani aliyenipunguzia laki mbili. Gari likawa linamisi kila mlima. Plagi nimebadilisha mara mbili, kumbe ni yeye hakuseti vizuri, na simu yake haipatikani. Ndugu zangu, mtungi wenye mgandamizo wa bar 200 nyuma ya kiti cha mwanao si kitu cha kuombea punguzo!

Sijutii, lakini. Tangu deni liishe ile tofauti inabaki mfukoni, imeshalipa ada mihula miwili. Waliokuwa wakinicheka kijiweni sasa wananiuliza fundi yuko wapi (siwaambii yule wa kwanza).

Ila mimi nazunguka kutwa. Wewe dada, kwenda na kurudi, ukipitia na sokoni, ni kilomita 25, lita mbili. Kwa bei zile zile utaokoa kama 3,800 kwa siku. Hizo ni siku 500 za kazi, miaka miwili, kabla hujaanza kuonja faida, na foleni sijaihesabu. Jamani, tuache kufunga gesi kwa kuwa jirani kafunga. Mwenzio ana safari kumi kwa siku, wewe una mbili, halafu unataka mtungi kama wake! Na kama bado moyo unakusukuma, nenda kituoni Ijumaa jioni bila gari, kaa pembeni saa nzima, hesabu yanayoingia na yanayotoka. Ukirudi nyumbani ndipo unitumie ujumbe tena.