Chumba cha projekta cha Roxy

Unauliza picha ya jumba la sinema la Roxy, New York, haikupindaje katika ukumbi wa viti karibu 5,900. Kumbi nyingi ziliweka projekta juu kabisa, nyuma. Mwanga ukishuka mshazari, picha hupanuka chini na nyuso hurefuka. Roxy, iliyofunguliwa Machi 11, 1927, ilikiingiza chumba cha projekta kwenye ukingo wa mbele wa roshani, mwali wa mwanga ukaenda karibu sambamba na sakafu. Werevu mtupu! Ila projekta moja haikutosha: rili (gurudumu la filamu) ya futi 1,000 iliisha kwa dakika 11 hadi 16, kutegemea kasi, kwa hiyo projekta ya pili ilikaa tayari, taa yake ya kaboni imeshawaka. Na utepe wa filamu wa nitrati, plastiki inayowaka kwa urahisi, ulipokwama mbele ya taa hiyo, ulishika moto papo hapo.