Kuunganisha Leya Zinazoonekana: Jibu kwa Msomaji wa Sengerema

Msomaji mmoja wa Sengerema ameniandikia akiuliza kama aunganishe leya zote, yaani matabaka ya picha na maandishi yaliyopangwa moja juu ya jingine, za bango analolitengeneza, kwa kuwa kompyuta yake imekuwa nzito na orodha ya leya imerefuka hadi inamchanganya. Namjibu hapa kwa sababu wengi wetu tunaotengeneza kadi na mabango Mwanza tunakutana na swali hilo, na kwa sababu juma lililopita nilithibitisha jambo ambalo nimelishikilia kwa miaka mingi: leya za maandishi zisiunganishwe.

Kamati moja ya harusi ya Ilemela ilibadilisha ukumbi jioni, ilhali kadi zilipaswa kuchapwa asubuhi yake. Nilifungua faili, nikachagua leya ya maandishi, nikaandika jina la ukumbi mpya, na kadi ikamrudia mwenyekiti kabla hajamaliza kuniomba radhi. Nilijivunia, wala sioni haya kusema hivyo, maana mwajiri wangu wa kwanza alikuwa akinigombeza mbele ya wateja kwamba ninaijaza kompyuta yake mafaili mazito, na akaniamuru niunganishe kila kitu mara kazi inapokubaliwa. Maneno yale yananiuma hadi leo. Mteja aliporudi na masahihisho, niliyekesha nikitengeneza bango upya ni mimi, kwa kuwa leya ya maandishi ikishaunganishwa hugeuka picha, na herufi zake hazihaririki tena.

Basi, ndugu yangu, usiunganishe zote. Ficha kwanza leya za maandishi na nembo, ubakize zile ulizokwisha kuzimaliza, kwa mfano picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, pamoja na vivuli na marekebisho yake ya rangi. Katika Photoshop, programu ya kuhariri picha, kubonyeza Ctrl+Shift+E kutaunganisha zinazoonekana na kuziacha zilizofichwa. Ukiongeza Alt, utapata leya mpya yenye muunganiko huo na za asili zitabaki, ingawa faili halitapungua uzito. Katika GIMP, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, tumia Ctrl+M, lakini kagua kidirisha kinachofunguka, kwa kuwa kina kisanduku cha kutupa leya zisizoonekana, nacho usikitie alama. Amri ya kulaza picha nzima (Flatten Image), yaani kuifanya leya moja tu, ni jambo jingine kabisa: katika Photoshop hutupa zilizofichwa na kujaza weupe mahali palipokuwa wazi.

Hifadhi nakala ya faili kabla ya hayo yote, kwa sababu ukishalifunga, uwezo wa kurudi nyuma umepotea. Tuache kuiheshimu diski kuliko kazi. Mteja anapotulipa anatukabidhi amana, na fundi anayetunza leya zake anamtunza mteja huyo hata siku atakapobadili nia, jambo ambalo kila kamati ya harusi hulifanya. Mtumie JPEG, ambayo haihifadhi leya; faili lenye leya, PSD la Photoshop au XCF la GIMP, libaki kwako, na nakala yake iwe nje ya kompyuta hiyo.