Kusukutua kwa mwarobaini

Dada wa Newala, umeuliza kama kusukutua kwa maji ya mwarobaini kutazuia meno yasitoboke. Kunasaidia kiasi, ila jino lililokwisha kutoboka linataka kuzibwa, si kusukutuliwa. Bakteria waitwao Streptococcus mutans hula sukari wakatoa asidi inayomomonyoa jino. Mwarobaini huwapunguza, na majani ya mpera pia. Mimi nachagua mpera, uchungu wake unavumilika! Chemsha kiganja kimoja cha majani dakika 10, yapoe, chuja, sukutua nusu dakika, tema. Usimeze, na mtoto mdogo usimpe ya mwarobaini. Maji yakilala, mwaga. Mswaki na dawa yenye floraidi mara 2 kwa siku uendelee navyo. Na hizo kashata za korosho za kila jioni, dada, punguza.