Ng'ombe ana mimba ya miezi 7: nimkamue au nimwache?

Ndugu wa Mbarara, unauliza kama uendelee kumkamua ng'ombe mwenye mimba ya miezi 7, kwa kuwa ndama bado ni mdogo tumboni. Mkaushe sasa, yaani acha kumkamua hadi azae. Mimba huchukua siku 280 hivi (hesabu tangu alipopandishwa), na zaidi ya nusu ya uzito wa ndama huongezeka miezi 2 ya mwisho. Kiwele nacho kinahitaji kama siku 60 za kupumzika, la sivyo maziwa ya uzao ujao yatapungua. Punguza pumba siku chache, kisha acha kabisa kumkamua.

Wengi husahau dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, yenye kingamwili za kumkinga ndama na magonjwa. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma akiwa tumboni; kondo la ng'ombe halizipitishi, hivyo ndama huzaliwa bila kinga hiyo. Mnyweshe dang'a ndani ya saa 2, usipitishe 6: ndama wa kilo 30, lita 3. Baada ya saa 24 utumbo wake haupokei tena kingamwili hizo, hata umpe ndoo nzima.