Swali: Tumepata nafasi Royal Dornoch, siku zilizobaki tucheze wapi?

SWALI: Sisi ni marafiki wanne, tunacheza gofu Nairobi, na handikapu zetu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ndogo ndiyo bora) ni kati ya 12 na 22. Juni mwakani tunakwenda Uskoti kwa siku sita, na tumeshapata raundi moja Royal Dornoch, uwanja maarufu wa kaskazini. Tungependa kuongeza viwanja vya linksi, yaani vya mchanga kando ya bahari, visivyo na jina kubwa. Twende viwanja vipi, na kwa mpangilio gani? Hakuna kati yetu aliyewahi kucheza linksi.

JIBU: Lalieni Dornoch na msihame. Wageni wengi wakishacheza pale hukimbilia St Andrews, mji maarufu wa gofu ulio mbali kusini, na kupoteza siku nzima barabarani, ilhali viwanja vitatu vizuri sana viko ndani ya nusu saa kwa gari: Tain upande wa kusini, Golspie na Brora upande wa kaskazini. Inverness, penye uwanja wa ndege, ni kama saa moja kutoka Dornoch.

Ningewaanzisha Brora. James Braid, bingwa wa zamani na mpangaji wa viwanja, aliupanga upya uwanja huo miaka ya 1920, na tangu hapo haujaguswa sana. Mashimo yanakwenda kando ya bahari kisha yanarudi, na mashimo manne ya pa 3 (ya kumalizwa kwa mapigo matatu) yanaelekea pande nne tofauti za dira, kwa hiyo upepo wa siku hiyo utawajaribu kutoka kila upande. Shimo la 18 nalo ni pa 3, yadi 200 hivi, kuvuka bonde. Msione haya kutumia dereva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, hapo upepo ukiwa wa mbele. Brora imejulikana miaka mingi kwa kondoo na ng'ombe wa wakulima wa pale wanaokula majani katikati ya mchezo, na nyaya za umeme zilizozungushwa kwenye grini (eneo laini lenye shimo na bendera) kuwazuia. Someni kanuni za uwanja nyuma ya kadi ya alama kabla ya kuanza, mjue kinachoruhusiwa mpira ukitua penye kinyesi au karibu na uzio. Sababu ya kuanza Brora ni kwamba feawei zake (njia za majani mafupi kuelekea grini) ni pana na zinasamehe, kwa hiyo mtajifunza namna mpira unavyodunda kabla ya kufika Dornoch, ambako grini nyingi zimeinuka kama sahani zilizopinduliwa, na mpira usiotua katikati huteleza ukingoni.

Golspie ni ya siku ya pili. Inaanza baharini, inaingia kwenye vichaka na miti, halafu inarudi kwenye mchanga. Wapenzi wa linksi tupu huilalamikia kwa hilo. Kwa kundi lenu naona ni faida, maana penye miti mtapumzika na upepo. Kisha Tain, iliyopangwa na Old Tom Morris, mpangaji wa viwanja wa kale, mwaka 1890. Shimo lake la 11, liitwalo Alps, grini imejificha nyuma ya vilima viwili vya mchanga. Mmoja wenu atangulie mbele kuangalia bendera ilipo na kama kundi lililotangulia limeshaondoka, ndipo mpige.

Siku ya kurudi Inverness, pitieni Fortrose & Rosemarkie. Uwanja uko kwenye ulimi mwembamba wa ardhi ulioingia Moray Firth, mkono wa bahari, maji yakiwa pande zote mbili, na barabara ya kwenda kwenye mnara wa taa inakatiza katikati ya mashimo. Magari yana haki ya kupita, nanyi subirini. Ni mfupi, lakini siku ya upepo urefu wake hauna maana.

Kuna Durness pia, pwani ya kaskazini kabisa: mashimo tisa yenye vianzio 18, na la mwisho linapigwa kuvuka mkono wa bahari. Mandhari yake hayana mfano, ila kutoka Dornoch ni kama saa mbili kwenda tu, sehemu kubwa ikiwa njia ya gari moja ambayo mnapishana kwenye vituo vilivyotengwa. Nendeni ikiwa mna siku isiyo na raundi nyingine.

Sasa namna ya kucheza, maana hapa ndipo watu wa Nairobi huumia. Ninyi mmezoea majani ya kikuyu, yanayoukamata mpira na kuusimamisha, na mmezoea hewa nyepesi ya mita 1,700. Linksi ni majani mafupi, membamba, juu ya mchanga mkavu: mpira ukitua unaendelea yadi 20 au 30. Weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) yenye tako nene, inayofaa kwenye kikuyu, hapa hudunda kwenye ardhi ngumu na kuupiga mpira tumboni, ukaruka hadi ng'ambo ya grini. Chukueni yenye tako jembamba. Hata hivyo, mara nyingi ni bora kuiacha mfukoni na kuubiringisha mpira kwa chuma namba 7, au kwa pata, fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, ukiwa yadi 20 nje ya grini.

Umbali mpige hesabu upya. Kushuka kutoka Nairobi hadi usawa wa bahari kunawapunguzia asilimia 6 hivi, na baridi ya nyuzi 12 inaongeza yadi tatu au nne za hasara. Halafu upepo. Kadirio linalofaa ni kuongeza umbali asilimia moja kwa kila maili moja kwa saa ya upepo wa mbele, na kupunguza nusu ya hiyo ukiwa wa nyuma. Bendera ikiwa yadi 140 na upepo wa maili 20 usoni, shimo linacheza kama 168. Ongeza baridi na usawa wa bahari, na fimbo mnayoihitaji ni ile inayowapeleka yadi 180 na ushei nyumbani. Ipigeni taratibu, kwa sababu ukitumia nguvu mpira unazunguka zaidi na kupaa, na upepo unauchukua.

Mabanka, yaani mashimo ya mchanga, ni madogo, marefu kwenda chini, na kuta zake ni wima. Mpira ukiwa karibu na ukuta, toka kwa pembeni au hata kwa nyuma. Anayelazimisha kwenda mbele huacha pigo tatu humo. Vichaka vya miiba yenye maua ya njano navyo msiviingie. Muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu tu, na pigeni mpira wa akiba kabla ya kuondoka.

Nyumbani kedi, mbeba begi, yupo kila raundi. Dornoch mnaweza kuagiza kedi mapema, lakini kwenye viwanja vidogo mtabeba au kukokota wenyewe. Begi liwe jepesi, fimbo 11 zinatosha. Acheni mwavuli. Bebeni suti ya mvua, kofia ya sufu na glavu mbili za mvua. Mwendo wa wenyeji ni mwepesi, raundi ya wanne isizidi saa nne. Juni kuna mwanga kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku, kwa hiyo raundi mbili kwa siku zinawezekana kama miguu inakubali.

Gari la kukodi ni rahisi, kwani kule pia wanaendesha kushoto. Treni ya Inverness hadi Wick inasimama Tain, Golspie na Brora, ila haifiki Dornoch, safari ni chache na Jumapili ni chache zaidi.

Andikieni makatibu wa klabu mapema mkauliza siku za mashindano ya wanachama, hasa Jumamosi, maana wageni hufungiwa uwanja asubuhi. Dornoch watataka kuona cheti cha handikapu, hivyo kiombeni klabuni kwenu mkibebe. Visa ya Uingereza haiombwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Kwa safari ya Juni, fomu zianze Machi.